Wageni Waliochagua Baiskeli

Mzungu alikuwa amepigwa rungu mara moja kisogoni na panga mara nne. Mbili za mwisho zilikuwa za bure, maana alikwisha kufa. Sajenti Athanasi Ndaki wa upelelezi aliyahesabu majeraha kwa ncha ya kalamu, akaandika, akarudisha shuka mahali pake. Chumba cha maiti hakikuwa na barafu wala feni, na Agosti ile ya mwaka tisini na tano joto la Bariadi lilikuwa halina huruma hata kwa wafu.

"Rungu limetoka nyuma," alimwambia Konstebo Januarius. "Panga limekuja baadaye, mtu akiwa chini. Mwizi anapiga ili achukue, akishachukua anakimbia. Huyu alibaki anakata. Alikuwa na hasira na mtu huyu."

Januarius alikuwa akitazama ukutani. Alikuwa na miezi sita tu kazini.

Nje ya mlango, chini kabisa kwenye sakafu, aliketi mama mmoja aitwaye Nyanjige. Alikuwa ametoka mbio kijiji cha Ng'wandakula, kilomita kumi na mbili, miguu peku, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepasuka. Alipomwona Ndaki hakusimama. Alimshika suruali.

"Afande, mwanangu Josia wamemfunga. Sungusungu. Wanasubiri vijiji vinne vifike. Vikifika wanamuua."

"Vinafika saa ngapi?"

"Saa kumi."

Ndaki alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Hapa lazima isemwe wazi, maana watu wa mbali hupenda kushangaa. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wenye pinde, ndio waliomaliza wizi wa ng'ombe Usukumani wakati polisi wanatafuta dizeli. Mwano ukipigwa, ule wito unaorushwa kijiji kwa kijiji, mwanamume anaacha uji mdomoni, anabeba upinde, anatoka. Asiyetoka anatozwa ng'ombe, na akirudia anatengwa, hasalimiwi na mtu. Na mtu wakishamshika wenyewe, kumtoa mikononi mwao si kazi ya karatasi.

"Wamemkuta na nini?" Ndaki aliuliza.

"Baiskeli. Ya kwake mwenyewe, Afande. Ana Phoenix mbili, jasho la pamba la misimu miwili. Aliwakodisha hao wazungu jana jioni, akalala kwa shangazi yake hapa mjini. Asubuhi anarudi nyumbani kwa miguu, njia ya ng'ombe, akaikuta moja imetupwa kwenye nyasi. Ina damu. Nyingine ilikuwa chini ya maiti."

"Akapiga mwano kwanza, au akabeba baiskeli kwanza?"

Nyanjige aliachia suruali. "Alibeba baiskeli."

Ndaki alisonya. Sheria ya sungusungu kila mtoto anaijua: ukiona damu njiani, unaanza kupiga kelele ndipo mengine yafuate. Ukinyamaza, damu ni yako. Lakini mtu mwenye baiskeli mbili tu duniani, akiikuta moja majanini, mikono inaenda yenyewe. Waliompigia mwano ni wachunga ng'ombe wawili waliofika baada yake na kumkuta mke wa marehemu akiwa hai korongoni.

"Mrudishe, baba," Nyanjige alisema. "Mimi sina mwingine."

"Nitamrudisha," Ndaki alisema, na hapo hapo akajilaumu, kwa sababu polisi mzima na akili zake haahidi.

* * *

Mke wa marehemu aliitwa Birgit. Alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, shavu limeshonwa nyuzi kumi na moja, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi begani. Kiswahili alikuwa amejifunza kwao Denmark, kwa miezi minne, kwa ajili ya likizo hii. Alikuwa anakisema polepole, akikichunga kisianguke.

"Kwa nini baiskeli?" Ndaki alianzia hapo. "Mabasi yapo. Gari la kukodi lipo."

"Tulikaa siku mbili, tunachagua. Basi linakimbia, unaona vumbi tu. Gari la kukodi, unakaa nyuma, unabebwa. Anders alisema…" Akaanza upya. "Alisema, kwa baiskeli watu watatusalimu."

Ndaki aliandika "kwa baiskeli watu watatusalimu", ingawa haikuwa na kazi yoyote kwenye jalada. Ilimuuma, ndiyo maana.

"Mtu huyo, uso ulimwona?"

"Hapana. Alifunga kitambaa cheupe. Macho tu. Alitoka kwenye kichaka, akampiga Anders. Mimi nilianguka na baiskeli. Alikata, alikata. Kisha alikuja kwangu, panga juu. Niliogopa sana, maneno yote yalipotea. Nilisema lile moja la kuamkia. 'Mwangaluka.'"

"Nani alikufundisha?"

"Mama wa gesti, leo asubuhi. Alisema Msukuma ukimwamkia hawezi kukupita."

"Na yeye akafanya nini?"

"Alijibu." Macho yake yalijaa machozi, lakini sauti haikuyumba. "Alisema, 'Mwangaluka, Milembe.' Panga likabaki juu. Kisha nadhani alijisikia mwenyewe. Akanikata, nikaanguka korongoni."

Januarius alifungua mdomo kwa mshangao. Yeye kwao Iringa. Ndaki hakushangaa hata kidogo. Kwao Msukuma hufundishwa kuitikia salamu kabla hajaachishwa ziwa. Mtu mzima anayeamkiwa njiani akapita kimya, jioni yake wanakaa kumjadili kama ni mchawi. Mwuaji alikuwa ametayarisha kitambaa, rungu, panga na kichaka. Hakutayarisha ulimi wake.

"Milembe ni nani?"

"Ni mimi. Mama alinipa jina hilo. Leo asubuhi, tukiondoka."

"Leo? Si jana?"

"Leo. Saa kumi na mbili. Yule mtu alitukuta saa moja."

Ndaki alifunga daftari. "Mwenye baiskeli, Josia, alikuwepo?"

"Hapana. Alileta baiskeli jana, akaenda. Asubuhi hakuwepo."

* * *

Benedikta, mwenye gesti, alikuwa anafua mashuka ya wageni wale wale, na alikuwa anayafua kwa hasira.

"Siku mbili uwanja wangu huu ulikuwa mnada," alisema. "Limbu na Land Rover yake upande huu, Kasmiri na basi lake upande ule. Limbu ameosha gari mpaka matairi. Kasmiri anawaambia atawapa viti vya mbele. Wazungu wanacheka, wanasema asante, tutafikiri. Jana jioni anakuja Josia na baiskeli zake, hajasema maneno matano, wakachukua."

"Leo asubuhi nani alikuwepo wakati unampa yule mama wa kizungu jina?"

"Mimi. Kasmiri, alivuka barabara kujaribu mara ya mwisho kabla basi halijaondoka. Na Limbu, alikuja na gari linaunguruma, kaziba geti langu."

"Wengine?"

"Nani mwingine? Wageni wote walikuwa wamelala."

"Ugomvi?"

"Kasmiri alipiga kelele. Aliwaambia watajuta."

"Na Limbu?"

"Limbu alikuwa mstaarabu. Yeye ndiye aliyewaelekeza njia. Alisema barabara kubwa ina malori ya makampuni ya pamba, watagongwa, wapite njia ya ng'ombe hadi Ng'wandakula, ndipo watokee Mkula." Benedikta aliacha shuka majini. Alimtazama Ndaki. "Mungu wangu," alisema polepole.

"Usimwambie mtu," Ndaki alisema. "Hata ukitapika, tapikia ndani."

Lakini mpelelezi anayeruka hatua huja kuumbuliwa mahakamani. Alikwenda kwanza kwa Kasmiri stendi. Kasmiri alikuwa ameteremka Mkula, basi likaendelea, yeye akarudi kwa lifti; anakula mihogo ya kukaanga juu ya kreti la soda.

"Umewaambia wazungu watajuta," Ndaki alisema.

"Nimesema, na ningewaambia tena. Kiti cha Phoenix ni chuma kitupu. Nilisema watajuta makalio." Kasmiri aliacha kutafuna. "Afande, kwani ni mimi?"

"Saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

Kasmiri alitoa karatasi mfukoni mwa shati. Ilikuwa ya trafiki, Mkula, kuzidisha abiria, saa moja na dakika tano, sahihi na muhuri. "Siku nyingine zote naichukia hii takataka," alisema. "Leo naomba nikaitie fremu."

Ndaki aliisoma mara mbili. Mtu hawezi kuandikiwa faini Mkula na kukata watu Ng'wandakula kwa wakati mmoja. Saa yake ilisema saa nane na robo. Gari la polisi lilikuwa juu ya mawe tangu mwezi wa tano.

"Ile pikapu yako ya Datsun ina mafuta?"

"Ina."

"Washa. Unatupeleka."

* * *

Walimfunga Josia kwenye mizani ya ghala la zamani la chama cha msingi, ile mizani ndefu ya kuning'inizia magunia ya pamba. Ghala lilikuwa tupu tangu makampuni ya watu binafsi yaanze kununua kandokando ya barabara. Uwanja ulikuwa umejaa wanaume, pinde begani, na kutoka upande wa mashariki vumbi la wengine lilikuwa linakuja. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Mkono wa kushoto wa Josia ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko, unaning'inia upande usio wake. Meno ya mbele hayakuwepo. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Mbele yake alisimama kamanda wa sungusungu wa kijiji, jasho limemlowesha fulana, fimbo ya mkwaju mkononi. Kamanda huyo ndiye Limbu. Land Rover yake iliyong'arishwa ilikuwa imeegeshwa kivulini, nyuma ya ghala.

Alimpiga Josia magotini Ndaki akiwa anatazama. Nyanjige, aliyekuja nao nyuma ya Datsun, alilia kama aliyepigwa yeye.

Ndaki hakukimbia. Alikwenda hadi kwa ntemi, mkuu wa sungusungu wote, mzee mfupi aitwaye Salu aliyekalia gunia, akainama kidogo kumwamkia.

"Mwadila, ntemi."

"Mwadila, baba. Umechelewa. Kazi yenu tumeshaifanya."

"Sijaja kuwanyang'anya. Nina maswali matatu kwa kamanda, mbele ya watu wote. Nikimaliza, uamuzi wako."

Salu alifikiri. Akainua usinga. Fimbo ikashuka.

"Kamanda," Ndaki alisema, bila kupandisha sauti. "Wale wazungu uliwaona lini mara ya mwisho?"

"Jana. Mjini, kama watu wote."

"Leo asubuhi?"

"Leo sijakanyaga mjini. Nimelala kwangu, nimeamshwa na mwano."

"Ulijua wanapita njia ya ng'ombe?"

"Ningejuaje? Mimi nilijua wamepanda basi la Kasmiri."

"Basi langu?" Kasmiri alisema kutoka dirisha la Datsun. "Limbu, usinitie mimi. Asubuhi gari lako liliziba geti la Benedikta mpaka mimi nikapitia ubavuni. Na njia ya ng'ombe umewaelekeza wewe, kwa kidole chako."

Limbu alihamisha fimbo mkono wa pili.

"Yule mama hakufa," Ndaki aliwaambia watu, kwa Kisukuma sasa, ili asibaki mtu asiyeelewa. "Mwenye panga alipomjia, alimwamkia. Naye akaitikia kwa jina. Mwangaluka, Milembe. Jina hilo alipewa leo saa kumi na mbili asubuhi, na waliolisikia ni watatu. Mmoja ni mwanamke, yuko kwenye beseni anafua. Mmoja alikuwa Mkula anaandikiwa faini. Josia hakulisikia, alikuwa amelala kwa shangazi yake. Ntemi, lile gari mmelipekua?"

"La kamanda? Hapana. La nini?"

"Waambie walipekue."

Walikwenda watu wanne. Walirudi na kitambaa cha marobota ya pamba, cheupe upande mmoja, upande wa pili kimekauka damu. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa kufunga kiunoni, dola, na pasipoti mbili nyekundu. Salu alizifungua, akatazama picha, akazifunga.

"Limbu," alisema.

Limbu hakukana. Labda alikuwa amechoka, labda alifurahi kupata wa kumweleza.

"Ng'ombe thelathini na nane," alisema. "Wa baba yangu. Niliuza wote ninunue gari. Mlisema nyie wa serikali, milango imefunguliwa, watalii wanakuja, jiandaeni. Nikajiandaa. Siku mbili nimesimama juani pale, nimeosha gari kama bibi harusi. Wanakuja watu wenye dola wanaweza kununua kijiji, wanapanda baiskeli. Baiskeli ya huyu." Alimtemea mate Josia. "Wananipita, wananipungia mkono."

Mshale wa kwanza ulipita sikioni mwa Ndaki, ukamchoma Limbu paja. Wa pili ulikwama kwenye mlango wa ghala. Watu walikuwa wanakuja kwa pamoja, marungu juu, wale wale waliokula naye kiapo cha sungusungu. Ndaki alijitupa mbele, akamwangusha Limbu chini, akamkalia mgongoni, akamfunga pingu mikono nyuma. Rungu lilimpata Ndaki begani mpaka mkono ukafa ganzi. Januarius alipiga risasi moja hewani, akakoki tena.

"Huyu ni wangu," Ndaki alisema, akihema. "Mkimuua, wazungu wataandika kwamba tuliua mtu yeyote ili kufunika kesi. Akinyongwa kwa sheria, wataandika jina lake."

Salu alisimama. Aliushikilia usinga juu kwa muda mrefu, mpaka mikono yote iliposhuka.

"Mchukue," alisema. "Na upite haraka."

Basi ikawa imekwisha. Watu walewale waliomvunja Josia ndio walimfungua. Mmoja alimnywesha maji, mmoja alimfuta damu kwa shati lake, wanasema pole, ndugu yetu, pole sana, ulikuwa mwano, ungefanyaje. Josia hakumjibu hata mmoja. Nyanjige aliteremka garini, akampitishia bega chini ya kwapa, wakaanza kutembea kuelekea Datsun, hatua moja, wanapumzika, hatua nyingine. Ndaki alimtazama mama yule na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia vizuri.

Alimnyanyua Limbu. Walipaswa kupita kando ya mizani. Josia na mama yake walikuwa wamesimama hapo hapo, wanavuta pumzi.

Chini ya mizani palikuwa na jiwe lake la chuma, la kilo kumi. Josia aliinama kama mtu anayetaka kutapika. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, mkono wa mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia. Jiwe lilipanda na kushuka mara moja, na paji la uso la Limbu likaingia ndani. Limbu, mikono nyuma, hakuwa na cha kukingia. Alianguka kifudifudi. Josia alipiga magoti, akampiga tena kisogoni, na tena, mpaka Ndaki alipomvuta kwa ukosi.

Damu ilikuwa imemrukia Nyanjige khanga yote.

Ndaki aliweka vidole shingoni mwa Limbu. Alisubiri. Aliviondoa.

Salu alikuja akasimama karibu, akazungumza chini kwa chini. "Baba, uwanja huu una watu mia mbili. Waulize wote. Hakuna aliyeona."

Na ilikuwa kweli. Mia mbili walikuwa wanatazama miguu yao. Kasmiri alikuwa anatafuta kitu chini ya usukani. Hata Januarius alikuwa ameugeuzia mgongo uwanja. Wote walikuwa wanamngoja yeye ageuke, na ingekuwa rahisi, na hakuna mtu wa Bariadi ambaye angemlaumu.

"Mimi nimeona," Ndaki alisema.

Aliinama, akafungua pingu kwenye mikono ya marehemu. Ndizo pekee zilizokuwepo kituoni. Alizifuta kwa suruali yake, akamfunga Josia upande mmoja, kwenye mkono mzima, upande wa pili akajifunga yeye mwenyewe. Alitamka maneno ya kisheria yote, mpaka mwisho. Josia alimsikiliza kwa jicho lake moja, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Nyanjige ndiye ambaye hakuelewa. Aliwafuata mpaka kwenye Datsun, akashika bodi kwa mikono miwili.

"Afande," alisema, "si umewaambia watu wote kwamba mwanangu hana kosa?"

"Saa tisa hakuwa nalo, mayu," Ndaki alisema, akamshika mkono ampandishe garini.